Sabuni ya Nchi Arobaini

Ndani ya basi, mwalimu mstaafu alijifanya anasoma gazeti, lakini masikio yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Pale kijana wa chuo alikuwa akimsomea dobi, jirani yake wa safari, insha yake kuhusu masoko ya dunia.

"'Sabuni hii huuzwa nchi arobaini, na kokote iendako hunukia vile vile.'"

"Hapo umeteleza, mwanangu," dobi akasema. "Binti yangu aliinunua huko ng'ambo, akanipigia simu analia. Karatasi ile ile, rangi ile ile, lakini hainukii kama ya kwetu."

"Mama, profesa hataki machozi, anataka chanzo. Jina na mwaka."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Wangapi aliwakata alama kwa kosa hilo!

"Jina ni langu, mama yake. Mwaka ni ule alioondoka. Aliaga anakwenda miaka miwili tu, na huu ni wa saba."

Kijana akaandika, kisha akafuta. Basi likasimama, dobi akajitwika furushi lake.

"Sabuni inafika nchi arobaini," alisema akishuka. "Binti yangu, hii moja tu inamshinda kufika."