Shavu la Kushoto la Dini Leferink

Jumanne tarehe 8 Machi 2011, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Dini Leferink alikuwa akimenya viazi jikoni kwake hapa Haarveld, alipohisi kitu kama uzi wa moto kikipita kutoka juu ya jicho la kushoto mpaka kwenye taya, akadhani ni unywele uliomnasa, akaupangusa kwa mkono uliolowa maji, na hapakuwa na unywele. Familia inajua kwamba historia ya marehemu huanza na kuzaliwa, na kuzaliwa kutafuata, lakini binti yake Lisanne, aliyeiandika, alishikilia ianzie hapo, kwa sababu tangu saa ile hakuna mtu aliyemtazama mama yake bila kumchunguza.

Alizaliwa Ijumaa tarehe 4 Februari 1955, akiitwa Berendina Nijland, mtoto wa tatu wa marehemu Albert na Hanna Nijland, akasoma shule ya msingi hapahapa kijijini kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, kisha shule ya ufundi wa nyumbani mjini Almelo hadi 1971, na mwaka huohuo akaajiriwa katika kiwanda cha nguo, upande wa mashine za kufuma, mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1980. Kuanzia Septemba 1986 aliuza mikate katika duka lililo kando ya kanisa, na wengi mliopo hapa mlimzoea kwa sababu hakuhitaji kuuliza nani anataka mkate uliokatwa na nani anataka mzima.

Alifunga ndoa Ijumaa tarehe 11 Mei 1979 na Gerrit-Jan Leferink, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, wakajaliwa watoto wawili, Harm tarehe 14 Oktoba 1984 na Lisanne tarehe 2 Juni 1995. Kwa kuhamia shamba la akina Leferink alipata pia jirani wa kwanza, Fenna Wolbers wa ng'ambo ya njia, na huku kwetu jirani wa kwanza hachaguliwi, anakuja na nyumba, naye ndiye anayeitwa kabla ya ndugu mtoto anapozaliwa, na ndiye anayemwosha na kumvisha mtu anapofariki.

Siku ya tatu baada ya ule uzi wa moto, malengelenge yalitokea kwa mstari kutoka kwenye paji la uso mpaka kidevuni, daktari akasema ni mkanda wa jeshi, akampa vidonge, na kufikia Pasaka ngozi ilikuwa imepona kabisa, watu wakampongeza. Maumivu hayakupona. Shavu liliungua pasipo moto, lilitambaliwa na wadudu wasiokuwepo, maji ya baridi yalilitiririkia likiwa kavu, na kitu kikubwa kama kipigo halikukijali sana, ila kitu kidogo kama ncha ya shuka, mvuke wa supu au pumzi ya mjukuu kilimfanya aruke kwenye kiti. Alipigwa picha ya kichwa, alipimwa mishipa ya fahamu katika hospitali mbili, na kila mara aliambiwa kwa tabasamu kwamba vipimo viko safi, naye alirudi nyumbani na habari hiyo njema kama mtu aliyehukumiwa.

Kilichomponza zaidi ni baiskeli. Kutoka shambani hadi dukani njia inaelekea kaskazini, na upepo wetu, kama mnavyojua, hutoka magharibi, kwa hiyo asubuhi ulimpiga shavu la kushoto, naye alitembea akiikokota baiskeli, kiganja kikiwa kimefunika uso, na jioni, upepo ukiwa upande wa kulia usiouma, alipanda na kurudi akipiga kengele. Kijiji kizima kilimwona akienda kazini mgonjwa na kurudi mzima. Fenna alimngojea siku moja penye lango la kuchukulia maziwa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka zizini, "Dini bwana, ugonjwa wako una akili, unaijua hata saa ya kutoka kazini!" Dini akamjibu kwamba ni upepo. "Upepo? Mwenzetu, upepo huu sote tumezaliwa nao, mbona sisi hautuli?" Wanaume waliokuwa pale walicheka, na Gerrit-Jan, ambaye hakucheka, aliendelea kuosha ndoo.

Tangu hapo mashaka yalikaa nyumbani kama mpangaji. Dini alihisi maongezi yakikatika akiingia dukani, akawa anasimama nje kwanza kusikiliza. Gerrit-Jan alikiri kwa watoto wake kwamba aliwahi kumchungulia kupitia dirisha la kibanda cha maziwa, aone kama akiwa peke yake bado anajikunja. Alikuwa anajikunja, lakini mume akabaki akijiuliza kama mkewe alimwona. Katika sherehe za kuzaliwa, ambako huku kila aliyeketi kwenye duara hupongezwa kwa busu tatu mashavuni, yeye alinyoosha mkono tu, na mawifi wakahesabu kwamba amewabagua. Aliacha kazi tarehe 30 Aprili 2013. Lisanne, aliyekuwa msichana wa shule miaka hiyo, alijifunza kumwangalia kila mtu mikono, madaktari, shangazi zake, baba yake, ili ajue nani anamwendea mama yake upande upi.

Mwezi Oktoba 2019, wakinywa kahawa wawili tu, Dini alimwambia bintiye jambo lililokuwa likimsumbua kuliko maumivu yenyewe.

"Nikifa, Fenna ndiye atakayeniosha."

"Mama, tutaita watu wa mazishi, siku hizi wapo."

"Umruke jirani wa kwanza? Baba yako atazikwa na nani, na ng'ombe?" Kisha, akiwa haangalii popote, akasema, "Mtu asiyeamini ana mkono mzito. Atanisugua kama sufuria. Wewe simama tu hapo, umwangalie."

Tarehe 8 Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akachagua kubaki nyumbani, akafariki Alhamisi tarehe 16 Novemba, saa saba na dakika arobaini mchana, mumewe na watoto wake wakiwa karibu naye.

Familia inawashukuru daktari wa kijiji, hasa kwa kuja bila kuitwa wiki za mwisho, wauguzi wa nyumbani waliouliza kabla ya kugusa, wafanyakazi wenzake wa duka la mikate, na majirani waliokamua ng'ombe, waliopeleka habari mlango kwa mlango na watakaobeba jeneza leo.

Limebaki jambo moja. Alasiri ya siku aliyofariki Fenna Wolbers alikuja na beseni, taulo mbili na aproni safi, na Lisanne akasimama mlangoni, mikono kifuani.

"Mtoto, utasimama hapo kama askari wa forodha mpaka lini?"

"Mpaka umalize."

Fenna hakubishana. Aliosha mikono ya marehemu, miguu, shingo, na alipofika usoni akakamua kitambaa, akakishika kwanza kwenye shavu lake mwenyewe kupima joto, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anavyoambiwa mtu aliye macho, "Dini, sasa naja upande wa kushoto." Akakiweka, hakusugua, akangoja, akakiinua. Lisanne alidhani anaigiza kwa kuwa anatazamwa, akamuuliza bila adabu tangu lini ameanza kuamini.

"Nani kakuambia naamini?" Fenna alisema, akikunja taulo. "Mimi mpaka leo sijui, mwanangu. Upepo ule sikuuelewa wala siuelewi. Lakini yeye alisema panauma, na aliyekuwa anakaa humo ni yeye, siyo mimi. Ilifaa nimwambie hivyo kule langoni. Nishikie kichwa, tumvishe."

Wakamvisha pamoja. Jioni Lisanne aliandika haya yote, maneno ya langoni yakiwemo, na hakuyalainisha, akakusudia kuyasoma mwenyewe huku akimtazama mhusika.

Asubuhi iliyofuata, Ijumaa tarehe 17, alivuka njia, akagonga kwa Fenna, akampa karatasi, akamwomba ayasome yeye mbele ya watu, neno kwa neno, au asiyasome kabisa. Fenna alivaa miwani, akasoma kurasa zote akiwa amesimama kizingitini, kisha akauliza kama herufi zinaweza kufanywa kubwa zaidi. Zimefanywa kubwa, haya ya asubuhi yakaongezwa, na sauti mnayoisikia ni yake.

Pumzika, jirani.