Fomu Saba za Semina ya Mwalimu Apolonia

Nimemkosea Mwalimu Apolonia, na bora niseme sasa kabla sherehe haijaanza. Ametumikia miaka thelathini na minne, anastaafu tarehe 30 Juni, 2025, na kamati ya sherehe ikanipa mie, Godlisten, niandike wasifu wake. Haikujua nilivyomkosea.

Alianza kufundisha Vingunguti, akahamia kwetu Gongo la Mboto na kupewa dawati la ulinzi wa mtoto, pale mwanafunzi anapoleta jambo linalomsibu. Baadaye akaanzisha semina ya kila mwaka ya kutukumbusha kazi sie wakongwe wa madawati ya kata nzima, tunaodhani tunajua kila kitu.

Madam hana huruma na vitambi. Anakukalisha kwenye kiti cha watoto wa awali uigize mtoto mwenye jambo zito, mwenzako akusikilize bila kukukatiza. Mwalimu Gervas alisimama, kiti kikasimama naye. Madam akamwambia tu, "Tembea nacho hivyohivyo, baba. Mtoto mwenye siri naye anatembeaga nayo."

Na kila mwaka anarudia lilelile: mtoto akishasimulia kwa mtu mmoja, asizungushwe kuwasimulia wengine.

Mwaka juzi semina iliangukia siku ya mechi ya mpira ya watani wa jadi. Wenzangu sita walitoroka saa saba, wakaniachia fomu zao za maoni. Nikazijaza zote pamoja na yangu, kwa miandiko tofauti: anarudia yaleyale, mama kachoka, haya tunayajua. Afisa elimu kata akaona malalamiko saba, akaifuta semina. Madam hakumuuliza mtu. Asubuhi yake aliniuliza hali ya mafua ya mwanangu.

Machi mwaka jana msichana wa darasa la nne akaniletea jambo la nyumbani kwao. Mkongwe mie nikamsikiliza, kisha nikampeleka akarudie kwa mwalimu wa darasa, halafu kwa mkuu wa shule. Pale kwa mkuu akanyamaza. Siku kumi na moja hakusema kitu, na kila jioni alirudi nyumba ileile.

Madam alipopata habari alikaa naye jikoni kwa wapishi, wakachambua mchele, hakumuuliza chochote. Siku ya pili mtoto akasema mwenyewe. Ustawi wa jamii walifika mchana huohuo. Sasa anaishi kwa shangazi yake, na darasani anapiga kelele hadi anaandikwa ubaoni.

Madam, asante. Wajukuu wako wa Sinza wamepata msikilizaji, ila wajue hadanganyiki. Sie wote tunakuombea afya na usingizi mnono.

Semina yako haiwezi kubaki imefutwa kwa uongo wangu. Ijumaa tarehe 27 Juni, kabla ya saa nne asubuhi, nitamkabidhi afisa elimu kata barua yenye jina na sahihi yangu, kwamba fomu zote saba ni mkono wangu, na kumwomba airudishe semina. Nakala nitakuletea nyumbani siku hiyohiyo.