Bi Winfrida Ntakije na Makofi ya Mlangoni

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi Winfrida Ntakije anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na minne, yote katika kitengo cha mazoezi ya viungo. Kitengo kilipoanza kilikuwa yeye, mkeka mmoja na chupa za soda zilizojazwa mchanga wa ziwani badala ya vyuma vya kunyanyua. Leo kina watumishi sita. Chupa mbili bado zipo, maana hataki zitupwe.

Mzaliwa huyu wa Kasulu amewarudisha wavuvi wa Kibirizi kwenye makasia na mafundi cherehani wa Mwanga kwenye pedeli. Ndiye pia aliyetufanya tule chakula cha mchana nje ya jengo mwaka mzima, kwa sababu harufu ya migebuka yake ya kukaanga, wale samaki wa ziwani, haikukubali kukaa chumba kimoja na watu wengine.

Kwake mgonjwa hapimwi kwanza, anasalimiwa. Humpokea mlangoni kwa salamu ya Kiha, ile ndefu ya kupiga makofi taratibu huku mkiulizana habari za nyumbani, za shamba na za ng'ombe, hata kama mgonjwa ni mtu wa Ujiji asiyewahi kufuga kuku. Wengi tulidhani ni uchangamfu tu. Kumbe muda wote huo macho yake yapo mikononi mwa mgonjwa.

Mimi ninayeandika, Nehemia Bukuru wa masjala, nina sababu ya kulijua hilo. Miaka mitano iliyopita mama mkwe wangu, Bibi Marsiana wa Katubuka, aliacha kuitikia salamu yangu. Alidai nampigia makofi ya dharau: yanaanza vizuri, kisha mkono wa kulia unalegea kama wa mtu anayepangusa vumbi. Kwetu hilo si jambo dogo. Kikao cha ukoo kikapangwa Jumapili, na mke wangu Yusta akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Nilimsimulia Bi Winfrida nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alinipigisha makofi ishirini, akatazama, kisha akanishika mkono mpaka kwa daktari. Ulikuwa ugonjwa wa Parkinson, ndiyo kwanza unaanza. Nilikuwa na miaka arobaini na minane, na mkono huo ndio unaoandika mafaili yote ya hospitali. Niliogopa sana.

Jumapili hiyo alikuja Katubuka bila kualikwa. Aliwaeleza wakwe zangu kwamba ubongo na msuli navyo husalimiana kila tunaposogea: ubongo unaagiza, msuli unaitikia, na habari zinarudi juu. Ugonjwa huu unapoanza, maongezi hayo hupoteza mwendo wake, wakati mwingine hata kabla mkono haujatetemeka. Bibi Marsiana alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe aliyekosa adabu ni mkono, si mkwe." Tangu siku hiyo sipakuliwi chakula pale mpaka nipige makofi hamsini mbele yake, na akiona nimepunja tunaanza upya.

Mwaka juzi watafiti walikuja na mashine yao, wakanibandika nyaya kichwani na mkononi, wakaniambia nifumbe na kufumbua ngumi. Kwenye kioo kulikuwa na mistari miwili, wa ubongo na wa msuli, na kila mmoja ulikwenda kivyake. Bi Winfrida akaanza kupiga makofi pembeni, bila kuombwa na mtu. Ngumi yangu ikafuata mwendo wa makofi, na mistari ikaanza kukaribiana. Mtaalamu wa mashine akamtoa nje akisema anamharibia kipimo. Baada ya dakika kumi, mistari ikiwa imeachana tena, akatumwa mtu kumwita arudi aendelee kupiga.

Sijapona, na dawa nameza kwa saa. Lakini masjala bado ni yangu, na wasifu huu nimeuandika kwa mkono wa kulia, kwa herufi kubwa kubwa zisije zikasinyaa, kama alivyoniamuru.

Aliposema anastaafu nilifurahi kwa ajili yake, nikasikitika kwa ajili yangu. Nani atauona mkono huu ukianza kulegea zaidi? Wakati huohuo nilishangaa kwamba watu wamekuwa na adabu ghafla. Samson wa getini ananisalimia kwa makofi kila asubuhi, Yasmini wa famasi naye vilevile, hata Dokta Oswald, ambaye salamu yake miaka yote ni kunyanyua nyusi. Nikadhani ni heshima ya mvi. Wiki iliyopita Samson akaniambia, "Mzee Bukuru, mkono leo uko vizuri. Nitamwambia Dada." Nilipombana akakiri: Bi Winfrida amewafundisha mmoja mmoja, tangu Machi, nini cha kutazama.

Dada Winfrida, asante. Kasulu kuna wajukuu na mahindi yanayokusubiri, nenda ukapumzike. Sote tunakuombea maisha marefu yenye afya na vicheko. Na mkono wangu usikupe wasiwasi: una watu tisa wanaoutazama kila asubuhi.