Jediel Ndambiri: Siku 6,939 za Kukaimu na Siku Moja ya Cheo Kamili

Leo, Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Bw. Jediel Ndambiri anastaafu baada ya kuutumikia Ushirika wa Maziwa wa Karindiri kwa miaka thelathini na minne, miezi minane na siku ishirini na nane. Aliingia kwa lango letu, hapa nje kidogo ya Runyenjes, Jumatatu tarehe 4 Februari 1991, akiwa na cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima kwa shemeji yake.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba mitungi. Aliibeba miaka mitano bila kumwaga hata mmoja, isipokuwa ule wa Machi 1993 ambao mpaka leo kuna ubishi juu yake. Mwaka 1996 akawa mpokeaji wa maziwa. Mvua kubwa za mwisho wa 1997 zilipokata barabara, alipita shamba kwa shamba kwa siku tisa akiwaonyesha wafugaji jinsi ya kuokoa maziwa ambayo lori halingeyafikia. Hapo ndipo watu walipoanza kumwita Mwalimu.

Mnamo tarehe 1 Novemba 2006 aliombwa ashikilie ofisi ya Afisa Mkuu wa Elimu ya Wafugaji kwa muda wa miezi sita. Akaishikilia. Kila asubuhi kabla ya saa kumi na mbili alikuwa amefika kwenye foleni ya wafugaji, akitembea toka mwanzo hadi mwisho, akieleza habari za kuosha kiwele, za madumu ya plastiki yanayonuka, za ng'ombe aliyedungwa dawa juzi ambaye maziwa yake hayafai kuletwa leo. Mimi ndiye mpimaji wa maziwa hapa. Nilianza kwa kuosha mitungi na nimepima kwa miaka ishirini na miwili, kwa hivyo hesabu hii siyo ya kuambiwa: alipoanza, tulikuwa tunarudisha nyumbani lita 410 za maziwa mabaya kwa mwezi. Mwezi uliopita tulirudisha 37.

Hata hivyo, kwa miaka kumi na tisa cheo chake kilibaki Kaimu. Sheria za Ushirika zinataka mwenye ofisi hiyo awe na cheti cha chuo cha kuzungumza mbele ya hadhira, na Bodi haikuona njia ya kuiruka sheria wala haikuona mtu mwingine wa kufanya kazi. Basi kila miezi sita ilimwandikia barua mpya ya kukaimu. Barua ni thelathini na nane. Mtu anayezungumza na wafugaji mia tatu kila asubuhi alikuwa anangojea karatasi ya kuthibitisha kwamba anaweza kuzungumza.

Januari mwaka huu, alipopokea kwa kuchelewa barua ya thelathini na saba, Mwalimu alituambia jikoni tukinywa chai, "Nikifa andikeni mnachotaka kwa msalaba. Lakini kustaafu nikiwa kaimu, hapana." Mwezi wa Machi akajiandikisha kwa masomo ya mbali katika chuo kimoja cha Meru, chenye ofisi ghorofani pale Makutano. Hotuba sita, kila moja alama mia. Wastani wa kupita ni hamsini, yaani 300 kwa 600.

Masharti yalionekana mepesi. Hotuba iwe ya dakika sita hadi nane. Irekodiwe kwa simu bila kukatwa, kuanzia hadhira inapokusanyika hadi inapopiga makofi. Waonekane watu wazima wasiopungua kumi, walewale mwanzo na mwisho. Aliyeandika masharti hayo hajawahi kukusanya watu wazima kumi huku kwetu.

Hotuba ya kwanza ilikuwa ya kujitambulisha. Mwalimu alipanga viti chini ya paa la stoo, wafugaji kumi wakaketi, nikawasha simu. Kabla hajafungua mdomo, Shosho Wambeti, nyanya na mfugaji wetu wa ng'ombe watatu, tena mama wa kanisa, alisimama kufungua kwa sala. Sala ilikuwa dakika tisa. Kisha, kwa kuwa mada ni kujitambulisha, kila mmoja akajitambulisha, na jina la kanisa lake, na idadi ya wajukuu. Mwalimu alizungumza dakika saba kamili. Zikafuata shukrani kutoka kwa wageni, ambao ni wao wenyewe, na sala ya kufunga. Video nzima ilikuwa dakika hamsini na tatu.

Madam Karambu, mhadhiri wake, alimpa 31. Aliandika kwamba mwanafunzi anaonekana dakika ya thelathini na nne. Akaongeza kwamba mama aliyefungua ana mtiririko bora na sauti yenye mamlaka, angempa 78, je, amejiandikisha? Shosho Wambeti alipoambiwa akasema, "Na hiyo siku nilikuwa na homa."

Mwalimu alipanda gari hadi Makutano kueleza shida yake ana kwa ana. Alirudi na jibu. Madam Karambu alikuwa amemsikiliza kwa heshima, akamwambia, "Mzee wangu, mimi pia ni Mkristo, na hata huku kwetu Meru hatuketi bila kuomba. Lakini fomu haina mahali pa sala."

Kwa hotuba ya pili, basi, alitangaza mapema kwamba hakutakuwa na maombi. Wanne waliondoka dakika ya tatu, mmoja akichukua na kiti. Kumi mwanzo, sita mwisho, alama 36. Jumapili hiyo wazee wawili wa kanisa walimtembelea nyumbani kuuliza kwa upole kama kuna mahali pengine ameanza kuabudu.

Ya tatu ndiyo iliyomuumiza. Mtu kupanga viti, kupigwa video, kisha kuanza tena wiki tatu baadaye, hapa kwetu kuna maana moja tu: anataka kiti cha uwakilishi wa wadi. Wauza miwa pale stendi walianza kumwita Mheshimiwa. Akikana wanasema, "Hata wale wengine hukana kwanza." Habari zilimfikia Mwenyekiti wetu, Bw. Njue, ambaye naye inasemekana anakitazama kiti hicho hicho. Alifika na gari katikati ya hotuba, akaomba kusalimia watu kidogo. Aliwasalimia dakika ishirini na sita. Madam Karambu alimpa Mwalimu 19 na kuandika kwamba msemaji wa pili anazungumza bila mada, yeye angempa 22. Naliandika hili kwa heshima zote, kwa sababu lilisomwa kwa sauti kwenye kikao cha Bodi, na aliyekuwa akilisoma hakujua linaelekea wapi mpaka alipofika mwisho wa sentensi.

Ya nne aliifanyia sebuleni kwake, mbele ya ndugu kumi, ili kuepuka Ushirika na siasa. Lakini mtu haiti ndugu kumi sebuleni awahutubie bure. Walikuja wakiwa wameshaamua kwamba anauza shamba. Kila alipovuta pumzi, kaka yake mkubwa, Runji, alimkatiza: "Jediel, ongea yote, lakini kile kipande cha mtoni usikiguse." Mada ilikuwa umuhimu wa kunawa mikono. Alipata 48, nyingi zikiwa za kuishirikisha hadhira.

Hapo nikafanya hesabu nyuma ya daftari la kupimia. 31 na 36 na 19 na 48 ni 134. Zilibaki hotuba mbili na alama 166, yaani 83 kwa kila moja, kwa mtu ambaye hajawahi kuvuka hamsini. Ilikuwa mwezi wa Septemba. Mwalimu alilitazama daftari, akasema pole pole kwamba labda barua ya thelathini na nane itoshe.

Nilimwambia tatizo lake ni viti. Mtu wa huku akiketi, kikao kimeanza, na kikao kina taratibu zake. Akisimama na mtungi wa maziwa mkononi, hana kikao, ana haraka. Yeye amezungumza na watu waliosimama miaka yote hii na hakuna aliyewahi kumkatiza. Aende akazungumze pale pale kwenye foleni.

Shida moja tu: foleni husonga, na chuo kinataka watu walewale mwanzo na mwisho. Kwa hivyo tarehe 23 Septemba, saa kumi na mbili na robo asubuhi, niliweka mezani laktomita, kile kipimo cha maziwa, nikaacha kupima kwa dakika nane. Foleni ikasimama. Mwalimu akazungumza dakika saba na sekunde ishirini. Madam Karambu alimpa 82 na kuuliza mbona hadhira yote imeshika mitungi. Lori liliondoka limechelewa dakika nne, nami nikapewa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka ishirini na miwili. Ikabandikwa pia amri ya Mwenyekiti ukutani: hakuna mfanyakazi atakayesimamisha foleni tena kwa sababu yoyote.

Zilihitajika 84. Mada ya mwisho ilikuwa hotuba ya kuaga.

Tarehe 14 Oktoba nilikuwa mezani, laktomita mkononi, sijasimamisha chochote. Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni kuhakikisha. Mwalimu alipoanza kuzungumza niliita, "Anayefuata." Anayefuata alikuwa Shosho Wambeti. Hakusonga. Niliita tena, kwa sauti, Mwenyekiti asikie. Shosho alishusha mtungi wake chini, akakunja mikono. Nyuma yake wote wakashusha mitungi, mmoja baada ya mwingine, mpaka nje barabarani. Mwenyekiti akamwambia, "Mama, songa, maziwa yataharibika." Shosho akamjibu bila kugeuka, "Ni yangu. Acha yaharibike."

Mwalimu hakusema juu yake mwenyewe hata neno. Aliwataja kumi wa mbele, na ng'ombe wao. Alikumbuka mwaka ambao Kanini, ng'ombe wa Shosho Wambeti, aliugua kiwele, na siku ngapi Shosho alikaa bila kuleta maziwa kwa sababu ya dawa, na kwamba hakujaribu kudanganya hata siku moja. Alifanya hivyo kwa kila mmoja. Dakika saba na sekunde hamsini. Shosho Wambeti, ambaye hatujawahi kumwona akiondoka mahali bila kufunga kwa sala, alipiga makofi tu, akabeba mtungi wake, akaja mezani. Maziwa yalikuwa safi.

Madam Karambu alimpa 85. Angempa 88, lakini alipunguza tatu kwa sababu ya mwanamke fulani anayepiga kelele "anayefuata" kando ya picha. Jumla ni 301. Wastani ni asilimia 50.17.

Cheti kilifika tarehe 22. Bodi ilikutana juzi, Jumatano, na kumthibitisha kuanzia leo. Niliuliza kwa maandishi kwa nini isiwe kuanzia 2006, nikajibiwa kwamba mwaka 2006 hakuwa na cheti. Kwa hivyo hesabu inasimama hivi: siku 6,939 akiwa kaimu, siku moja akiwa Afisa Mkuu. Siku hiyo moja ameitumia vizuri. Asubuhi hii alifika kabla ya saa kumi na mbili na kutembea kwenye foleni toka mwanzo hadi mwisho, kama kawaida yake, na hakuna lita hata moja iliyorudishwa.

Ratiba ya alasiri hii inampa Mwenyekiti dakika tatu za kusalimia na Mwalimu muda wowote anaotaka. Saa ninaishika mimi. Sala ya kufungua ni ya Shosho Wambeti, na hiyo haina kipimo.

Asante, Mwalimu, kwa foleni, kwa mvua za 1997, kwa ng'ombe wote uliowajua kwa majina. Wewe na mama watoto tunawatakia afya, mashamba yenye nyasi, kile kipande cha mtoni kikiwemo, na asubuhi za kuamka jua likiwa limeshapanda. Kuanzia kesho wewe ni mstaafu, na nimeisoma katiba ya Ushirika kurasa zote arobaini na sita: kustaafu hakuna kaimu. Cheo hicho ni chako chote.

Purity Ruguru
Mpimaji wa Maziwa, kwa niaba ya wafanyakazi