Mashine Iliyongoja Ng'ombe Azae

Wapendwa, mwangaluka! Mniwie radhi nikibabaika. Mmezoea kuniona kwenye harusi zenu nikiwa nyuma ya kamera, siyo hapa mbele ya wanandoa wenzangu, kwenye ukumbi wa kanisa. Mke wangu yule pale mstari wa pili. Nimemwomba ruhusa ya kusema haya, akanijibu, "Sema yote, ila usiongeze chumvi."

Yeye ni mwalimu. Mwaka juzi aliandika hadithi fupi, kurasa sita tu. Ni miaka mingi ijayo, nyama na maziwa vinatoka kiwandani, na ng'ombe wa kweli amebaki mmoja duniani, huku kwetu Meatu, kwa bibi mmoja mjane. Serikali inatuma mashine inayotembea kama mtu ije imchukue. Bibi anazungumza nayo, nayo inarudi mikono mitupu. Basi. Nilipoisoma nililia. Nikamwambia, "Hii tunaifanya filamu ya saa moja na nusu."

Sasa ndugu zangu, kurasa sita utazivutaje zifike saa moja na nusu? Hapo ndipo nilipoanguka. Sikumuuliza mwenye hadithi. Nikaongeza vita, nikaongeza mashine nyingine kumi, nikatengeneza na chombo cha angani cha mabati. Kila nilipoongeza, yule bibi alipungua, mpaka akabakiwa na maneno mawili. Mke wangu akiuliza, namjibu, "Wewe umeshaandika, filamu niachie mimi."

Tukaionyesha ukumbini humu humu. Wengi mlikuwepo na mlicheka, maana kamba iliyoning'iniza kile chombo ilionekana. Kicheko chenu nilikivumilia. Kilichoniumiza ni mke wangu kuinuka katikati na kutoka. Nilimkuta nje. Akaniambia taratibu, "Yule bibi ni mama yangu. Umemtoa."

Nawaambia kweli, nilivunjika moyo. Miezi minne sikushika kamera. Harusi nikazikataa, nikawa nashinda kilabuni. Mke wangu hakunitukana hata siku moja. Jumamosi moja akaniambia, "Vaa viatu, twende Mwandoya kwa mama."

Mama mkwe wangu hajui kusoma. Tulipomaliza kula, binti yake akamsomea ile hadithi, akiigeuza kwa Kisukuma. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo ng'ombe hakuwa na mimba?"

Mke wangu akapekua kurasa zake; mimba haikuwemo.

"Angekuwa na mimba, ya dume lililokufa juzi tu," mama akasema, "mimi ningekataa asisafiri. Hiyo mashine ingekaa hapa hapa ingoje azae."

Jamani! Filamu ilikuwa hapo. Mashine inangoja. Inachota maji, inafukuza fisi, inafundishwa kumwita ng'ombe kwa jina lake. Tukaandika upya, mimi na mke wangu kwenye meza moja, tukigombania kila neno mpaka tukubaliane. Na mama akakubali kuwa yule bibi.

Ila mila zetu mnazijua. Mimi mkwe, nitamwambiaje mama mkwe, "Rudia, hapo hukulia vizuri"? Hata kumtazama usoni naona haya! Ikabidi mke wangu awe mwongozaji, mimi nishike kamera na kunyamaza. Kunyamaza kule kulinifundisha kazi kuliko miaka yangu yote ya harusi.

Mwezi uliopita tuliionyesha Mwandoya, ndani ya ghala la pamba, madirisha tumeyaziba kwa maturubai. Mwishoni ndama ameshazaliwa, mashine inaaga, inashika njia peke yake. Mama alikuwa amekaa mbele. Akajisahau kabisa, akapaza sauti, "Inaondoka bila kunywa maziwa?"

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja kutoka nyuma akajibu, "Iiteni irudi!" Na ghala zima likaanza kuiita.

Mchungaji, asante. Nilikuja kuomba ukumbi huu mara ya pili nikijua nitakataliwa, ukanipa funguo kabla sijamaliza kusema. Asante mama yetu wa Mwandoya. Na ninyi wanandoa wenzangu, nina neno moja tu: mtu anayekupenda akikukabidhi kitu alichokitengeneza, muulize kwanza amekitoa wapi, kabla hujaanza kukirekebisha.

Jumapili mtaiona. Jina la kwanza ni la mke wangu. Langu lipo chini, kwenye kamera, na pale nimepapenda.