Herufi Iliyopanda Mti

Benchi langu liko pale njia inapokata kona, limeegemea mwarobaini, na mguu wake mmoja umekalishwa juu ya tofali. Mimi ndiye mwenye birika. Wanaume huja kunywa kahawa na kuacha maneno. Maneno nayaokota mimi, maana kahawa peke yake hainenepeshi. Siku hiyo walikuja na kesi, na kesi yenyewe ni mimi. Mrithi, jamaa aliyepotea miaka chungu nzima akarudi na viatu vya ncha kali, anadai kona hii aliachiwa na marehemu baba yake. Anataka kunitoa aweke duka la simu. Hati hana. Ana herufi ya jina lake iliyochongwa kwenye shina la mwarobaini, juu, mahali ambapo hata mtu mrefu akinyoosha mkono haifikii. Anasema aliichonga akiwa darasa la pili, usawa wa kifua chake, na mti ukakua nayo. Mwenyekiti wa mtaa kaja kuamua. Kasema akimaliza kikombe chake, atatamka nani abaki na nani afungashe. Basi nikawa namjazia kabla hakijafika nusu.

Mashahidi wa Mrithi walikuwa wawili. Msumeno, fundi seremala, ameahidiwa milango na rafu za duka. Profesa, ambaye hajawahi kumfundisha mtu isipokuwa kwa nguvu, ameahidiwa kiti cha kuzunguka mlangoni. Niliyajua hayo kabla hawajakaa. Mke wa Msumeno hana siri, ana majirani.

Mwenyekiti: Haya, fundi. Miti ndiyo kazi yako. Mti hukua vipi?

Msumeno: Mti ni mabomba, Mwenyekiti. Ukipasua mbao huoni vile vitundu vidogo vidogo? Maji yanaingia mizizini, yanapanda. Sasa maji yapande, herufi ibaki imekaa tu? Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Na herufi ikafuata maji.

Mimi: Na yale machipukizi ya kule nchani, yale mabichi laini, yanafanya nini?

Msumeno: Yale ni mapambo, Bibi. Kama ushungi wako.

Profesa: Fundi kasema kienyeji. Kitaalamu, mti ni unywele. Unywele husukumwa kutoka chini. Bibi Kahawa, uniwie radhi, hina yako ya mwezi ule ilianzia kwenye ngozi. Leo iko wapi?

Mimi: Iko chini ya ushungi. Wewe umeionea wapi?

Benchi zima likacheka. Profesa akakohoa kikohozi kirefu kisicho na kitu.

Profesa: Natoa mfano, jamani! Hina imesogea, mvi zimeota chini yake. Herufi ndiyo hina. Samaki mkunje angali mbichi.

Mwenyekiti: Samaki anaingiaje hapa?

Profesa: Naye si anakua?

Mrithi akaona mambo yanamwendea vizuri, akajiweka sawa kwenye benchi langu kama ameshalinunua.

Mrithi: Mimi nakumbuka kabisa. Kila nikifunga shule naikuta imepanda. Likizo moja imenifikia puani. Likizo nyingine naichungulia kwa kuruka. Nilikuwa nalia, Mwenyekiti. Nilidhani inanikimbia.

Mimi: Maskini. Na ile oili chafu iliyopakwa juu yake, inayotunukia hapa kila upepo ukipita?

Profesa: Huo ni utomvu wa uzee.

Msumeno: Tena niwaambie jambo ambalo hamlijui. Mti unatoka ardhini polepole, kama jino la mtoto. Mti ukianguka, watu husema upepo. Upepo gani! Mti umeisha kutoka. Hauna tena cha kutoa, unalala.

Mwenyekiti: Kumbe!

Msumeno: Ndiyo hivyo. Aisifuye mvua imemnyea.

Mimi: Na mbao je, fundi? Ikishakatwa?

Msumeno: Mbao haifi, Bibi. Inaendelea kidogo kidogo.

Mimi: Ndiyo maana mlango ulionitengenezea haufungi.

Msumeno: Si ndiyo nakwambia! Mimi nilikupa mlango sawasawa. Ukakua.

Mwenyekiti akatikisa kichwa taratibu, kule kutikisa kwa mtu anayejifunza. Sikupenda hata kidogo. Nikaenda kumjazia tena, akafunika kikombe kwa kiganja.

— Tosha, mama. Nimewaelewa mashahidi.

Nikaliona benchi langu linabebwa, na mimi nyuma yake na birika, tukatafute kona ya kumuuzia nani? Kuku?

Hapo lango la nyumba ya nyuma likafunguka, akatoka bi harusi wa jirani na beseni la nguo. Kaolewa juzi tu, hata majina yetu hajayashika. Waya wa kuanikia umefungwa kwenye mwarobaini uleule, unapita nyuma ya benchi hadi kwenye nondo za dirisha lao.

— Shikamooni. Baba, samahani, inama kidogo nipitishe shuka.

Mwenyekiti akainama. Shuka likapita, likamdondoshea maji shingoni. Binti akabana pegi moja, akageuka.

Bi harusi: Wazee wangu, ukuta wetu mwembamba, nimesikia yote. Naomba kuuliza.

Profesa: Uliza, binti. Mgeni siku mbili.

Bi harusi: Huu waya aliufunga mama mkwe mwenyewe, akiwa na mimba ya mume wangu. Mume wangu sasa ana ndevu. Mti umenenepa mpaka umeumeza, tazameni, fundo halionekani, gome limeufumba kama mdomo. Lakini mama mkwe ni mfupi kuliko mimi, na mpaka leo anaanika bila stuli. Kwa nini waya wake haukupanda?

Msumeno akachungulia ndani ya kikombe kama kwamba jibu limezama humo.

Profesa: Waya… waya ni chuma. Chuma kina msimamo.

Mwenyekiti: Msimamo.

Profesa: Msimamo, ndiyo.

Mwenyekiti akainuka. Akaushika waya, ukawa usawa wa kifua chake. Akaipapasa midomo ya gome. Akatazama juu kwenye herufi, akatazama waya tena.

— Mrithi. Njoo usimame hapa utuoneshe ulipokuwa darasa la pili uliifikiaje.

Mrithi akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havina kamba. Alipoinuka alikuwa ameshafika upande wa pili wa njia, na simu iko sikioni, anazungumza na mtu ambaye hakumpigia.

— Mama, kaa na birika lako, akasema Mwenyekiti, akajifuta shingo, akaenda zake.

Mashahidi walibaki. Sikuwafukuza.

Msumeno: Mti hunenepa shinani na hurefuka nchani, kwenye machipukizi. Seremala gani asiyelijua hilo? Mimi nimelisema tangu mwanzo.

Profesa: Umelisema wewe? Nimelisema mimi! Wewe ulikuwa kwenye mabomba.

Msumeno: Na wewe ulikuwa kwenye hina ya Bibi!

Nikawamiminia wote wawili. Mwongo akikauka koo hanogi.