Kitambaa cha Bochaberi

Mathew, toa hizo earphone masikioni ukae chini, Kiplimo funga mlango baridi ya shamba isiniingie kifuani, na wewe Chepchirchir sogea karibu na mama yako, kwa sababu nitasema mara moja tu. Daktari ameniambia wazi kwamba huu uvimbe umemaliza njia ya chakula na sasa unatafuta njia ya pumzi. Sawa. Sauti kidogo iliyobaki sitaitumia kuomba msamaha kwa kijiji kizima, vile wazee wa kanisa hufanya wakishaona kaburi linachimbwa. Nitaitumia kwa mtu mmoja, na huyo mtu hayuko hapa ndani.

Tuanze na mali, ndio muache kuniangalia hivyo. Majani chai ya juu, yale yanayopakana na barabara, ni ya Mathew. Ya chini mpaka mtoni ni ya Kiplimo. Ng'ombe mgawane kwa akili, mkizipata. Ile ploti ya Kabianga yenye vyumba vya wanafunzi ni ya Chepchirchir, na mtu akija kusema msichana hapewi ploti, mwambieni boiyot, mzee mwenye boma, alisema arudi kwake akagawe umaskini wake mwenyewe. Mama yenu Lenah atakaa kwa hii nyumba mpaka achoke nayo yeye, si mpaka mchoke naye nyinyi. Hayo yameandikwa, na chifu ako na karatasi.

Sasa ile kitu mmekuwa mkinong'onezana jikoni. Koo ndiyo imefungika, masikio bado. Nimesikia Mathew akisema spika ni zake, Kiplimo achukue amplifaya, kama watu wanaopasua mbuzi. Spika bila amplifaya ni sanduku la kuku kutagia, lakini mchukue. Kila mtu akae na nusu yake kwake, mnyamaze pamoja. Mimi hiyo mashine sina haja nayo tena, na nitawaambia kwa nini.

Nilitoka university na degree ya Physics, second class upper. Watu waliokuwa wakicopy assignment zangu leo wana madereva. Mimi nimeandika barua za kazi miaka thelathini, nikivuna chai ya baba yangu, cheti kikilala kwa sanduku la bati pamoja na blanketi za wageni. Hapa kwetu hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali la Physics, ila redio yake ikinyamaza. Basi siku nilipoweka spika za kwanza kwa hii sitting room, nikaona afadhali, hapa nitaongea na watu watanyamaza. Huo ndio ugonjwa ulionianza kabla ya huu wa koo.

Nilianza na DVD player ya kawaida, na ilikuwa inaimba vizuri, nawaambia ukweli. Halafu nikasoma kwa internet kwamba DVD player ni takataka, nikanunua ile box ndogo inayogeuza namba kuwa sauti, ile DAC. Nikanunua na nyingine ya kutoa nyimbo kwa flash na kuzipeleka kwa DAC. Bado nikawa sijatosheka. Mtu mmoja wa Nairobi, mwenye sauti laini kama ya mganga wa televisheni, akaniambia muziki wangu unanyongwa na waya iliyo katikati ya hizo box mbili. Na mimi ninayejua kwamba namba ni moja au ni sufuri, kwamba waya ya mita moja haijui kama imebeba kwaya au makelele, mimi niliyefanya mtihani wa hiyo kitu nikapita, nikamwambia ni kweli. Nikauza mtamba wa Friesian ambao mama yenu alilea kwa chupa baada ya ng'ombe kufa. Waya ikaja kwa kaboksi kadogo kenye velvet ndani, kama pete ya harusi.

Mnakumbuka ile Jumapili. Niliita watu baada ya kanisa, ndugu yangu Johana akiwa kiti cha mbele kama kawaida yake mahali kuna chapati. Bochaberi, bibi ya Kiplimo, alikuwa amewapikia wote. Yeye ndiye alikuwa amefuma vile vitambaa vyeupe, akavisha kila kitu ndani ya hii nyumba, viti, TV, mpaka DAC ikapata chake, kizito, chenye maua, kimeninginia mbele. Nilikuwa nimeunganisha waya zote mbili, ile ya plastiki iliyokuja bure na ile ya mtamba, na remote ya kuruka kutoka kwa moja mpaka kwa nyingine. Nikasimama nikafundisha. Nikabonyeza, nikasema hii ni ya zamani. Nikabonyeza tena, nikasema hii ni mpya. Johana akafumba macho, akasema sasa anasikia hata waimbaji wakivuta pumzi. Mzee mwingine akasema ni kama kuhama nyumba ya matope kuingia ya mawe. Mathew, wewe ulisema bass imepata nyama. Kiplimo ukasema obviously, na hadi leo sijui ulimaanisha nini.

Mpumbavu mimi nikamuuliza Bochaberi, aliyekuwa akipita na thermos. Akasimama, akasikiliza, thermos mkononi. Nikabonyeza mara mbili. Akasema, "Baba, mimi naona ni ile ile tu."

Hakuwa na madharau. Aliniita Baba. Na mimi, mbele ya watu wote hao, nikamwambia, "Masikio yako yamezoea mamako akipiga kelele za ndizi kwa soko ya Sotik. Mkisii atasikia nini hapa?"

Watu wakacheka. Kiplimo, wewe ulicheka, na macho ya Bochaberi hayakuja kwangu, yalienda kwako. Alimimina chai mpaka kikombe cha mwisho, akaosha vyombo vyote, na asubuhi akambeba mtoto wenu Vivian mgongoni akaenda kwao. Ukasema atarudi kwa wiki moja. Leo ni miaka mitatu, mtoto anasoma Sotik, na wewe kwake ni sauti ya simu.

Ngojeni... hapana, maji hayapiti, wacha tu.

Sasa nasema ile ambayo hata Lenah hajui. Baada ya wiki tatu mama yenu alitoa vitambaa akaenda kufua. DAC ikabaki uchi, nikaona taa ndogo mbele inaonyesha waya ya zamani. Nikabonyeza remote, taa ikaruka kwa waya mpya. Nikaweka blanketi mbele yake nikabonyeza, haikuruka. Lagok, watoto wangu, ile Jumapili nilikuwa nabonyeza kitambaa. Remote haikuonekana na mashine hata mara moja. Waya ya mtamba haikuwa imeimba hata noti moja, na wanaume wazima wakasikia mbingu na ardhi kati ya kitu na kitu hicho hicho. Basi nikaiwasha hiyo mpya kwelikweli, nikakaa peke yangu, nikaruka huku na huku mpaka chai ikapoa. Ni ile ile tu. Msichana aliyeachia shule form two alifanya experiment sawasawa akiwa amesimama, na second class upper ikaanguka.

Na vitambaa vilipokauka, mimi mwenyewe ndiye nilirudisha kile cha DAC mahali pake. Wazee wakaja mara mbili kuniambia nifike Sotik nichukue neno langu, nikawajibu kwamba baba mkwe haendi kubembeleza mke wa mtoto wake. Nikajificha nyuma ya mila kama mwizi nyuma ya choo. Ningeenda, ingebidi niseme alichosikia, na nikisema hivyo, ni nini ningebaki nacho. Nyinyi nawadharau kwa sababu mlisema uongo kwa ajili ya chai yangu. Lakini nyinyi hamkujua. Mimi nilijua, nikala, nikalala.

Kiplimo, naskia Johana anakutafutia msichana wa kuoa huko Sigowet. Usithubutu. Hilo tusi ni langu, na nikienda nalo hakuna atakayelitoa kwa niaba yangu. Bochaberi atakuja mazishini kwa adabu, asimame nyuma, arudi kwao, na mtoto wako aitwe wa watu wengine. Ile waya mpeni Johana siku ya kunizika, watu wakiwa wamejaa, mkisema ni zawadi ya yule aliyeisikia kabla haijawashwa.

Chepchirchir, toa simu. Washa rekodi. Iweke hapa karibu.

Bochaberi, ni mimi, baba yake Kiplimo. Ulisikia vizuri. Ilikuwa ni ile ile. Nilijua baada ya wiki tatu nikanyamaza miaka mitatu. Mama yako... niliyosema juu ya mama yako yalikuwa ya mtu mdogo. Nayachukua. Hii nyumba ni yako ukitaka, na usipotaka, hujakosea.

Usikate hiyo kikohozi, Chepchirchir. Iache.

Na msitume kwa WhatsApp. Kiplimo, utaenda kwa miguu yako, siku ya soko, watu wakiwa wengi vile walikuwa wengi hapa. Usimame mbele ya Bochaberi na mama yake, usalimie kwanza, ufungue sauti mpaka mwisho. Halafu usiongee. Usieleze kwa niaba yangu. Ngoja Bochaberi mwenyewe aseme.

Lenah, pole kwa mtamba. Kongoi, asante kwa yote.

Sogeeni, mikono yangu haifiki. Mathew... Chepchirchir... Mungu awape kazi, na awape mtu wa kuwaambia ukweli, na mkae naye. Kiplimo, wewe baraka yako nitakupa ukirudi.

Kesho ni soko. Nenda.